Roli nyeusi ya RG6: kebo nzuri, konekta za bure ni takataka

Kebo yenyewe, RG6, ile ya kupeleka ishara ya dishi au antena hadi kwenye televisheni, naipa nyota nne na nusu. Konekta, vile vifungio vya ncha za kebo, zilizotiwa ndani ya boksi kama zawadi nazipa sifuri, na kama kungekuwa na namba chini ya sifuri ningeishukia. Nayasema haya mapema kwa sababu wauzaji huvipiga picha vyote pamoja, mnunuzi akadhani amepata kila anachohitaji, kumbe amepata nusu ya kazi na chanzo cha maradhi.

Nilichochukua ni roli ya mita 100 ya RG6, rangi nyeusi, ganda la nje la plastiki ya poliethilini, pamoja na kipande kingine cha aina hiyohiyo chenye jeli ndani, kwa ajili ya kupita ardhini. Ya kwanza inatoka kwenye dishi na antena kule juu ya paa, inafuata upenu, inashuka ukutani na kuingia sebuleni. Ya pili inavuka uwanja kwenda chumba cha nje, ambako vijana wamehamia na televisheni yao na hawana habari ya kurudi.

Kabla ya hapo kulikuwa na ile kebo nyeupe inayokuja na dishi. Nilipoitoa, upande wake uliokuwa unapigwa na jua ulikuwa umechanikachanika, na nilipoikunja ganda lilipasuka kama la yai. Ndani, wavu wa alumini uliokuwa unang'aa siku ya kwanza ulikuwa umegeuka unga mweupe kwa karibu mkono mzima kutoka kwenye konekta ya juu. Maji yaliingia kileleni, yakanyonywa na wavu, yakaenda zake taratibu kuelekea chini. Wavu wa kebo hunyonya maji kama utambi. Hauhitaji kumwagiwa ndoo, umande tu unatosha ukipewa muda.

Tofauti ya maganda ndiyo hoja ya kwanza ya kununua nyeusi. PVC, plastiki ya ile nyeupe, inalainishwa kwa kemikali, na jua huzifukuza kemikali hizo kidogokidogo hadi plastiki ibaki kavu. Poliethilini nyeusi imechanganywa na masizi laini ya kaboni, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 3, na masizi hayo ndiyo yanayomeza miale ya urujuanimno kabla haijaila plastiki. Kwa hiyo weusi wake haukuwekwa kwa ajili ya sura. Poliethilini pia hupitisha mvuke wa maji kidogo kuliko PVC. Ubaya wake ni kwamba ni ngumu, inakataa kukunjika asubuhi ya baridi, na ikishika moto inawaka vizuri mno. Ndiyo maana kebo za nje hazitakiwi kuzagaa ndani ya nyumba. Kanuni za umeme za Marekani, kwa mfano, huruhusu kebo ya nje isiyo na cheti cha matumizi ya ndani iingie futi 50 tu tangu inapotokeza ukutani. Mimi nimeiishia karibu tu na inapoingia, kisha nikaendelea na ya ndani.

Sasa tuje kwenye kusoma kebo. Usisome boksi. Boksi limeandikwa na watu wa matangazo. Soma ubavu wa kebo yenyewe, yale maandishi madogo meupe yanayojirudia kila mita. Hapo ndipo penye ukweli, na pakikosekana maandishi hayo kabisa, rudisha roli dukani. Ya kwangu ilikuwa na aina yake, unene wa uti wa kati, yaani waya wa katikati (geji 18, yaani milimita 1 hivi), omu 75 (kipimo cha kebo za televisheni), asilimia ya wavu, tamko la kustahimili jua, na namba za mita zinazoongezeka. Namba hizo za mita ni rafiki mkubwa: toa ya mwanzo kwenye ya mwisho ujue umepewa nini. Roli moja niliyoletewa kwanza ilisema 100 usoni, ubavuni hesabu ikagoma kufika 90. Muuzaji aliniambia, "Bosi, hiyo ni kebo iliyonywea." Nilimrudishia na hiyo kebo yake iliyonywea.

Kuhusu asilimia ya wavu, msidanganyike sana na kinga ya tabaka nne dhidi ya mawimbi ya nje. Muundo wa kawaida ni karatasi ya alumini iliyogandishwa juu ya povu (plastiki inayouzunguka uti), kisha wavu unaofunika asilimia 60. Ya tabaka tatu inaongeza karatasi nyingine juu. Ya nne inaongeza na wavu wa pili. Kama nyumba yako iko jirani na mnara wa simu au mitambo ya kurushia matangazo, tabaka nne zina maana. Kama haiko, unanunua ugumu wa kumenya, maana konekta yake ni ya saizi nyingine na lazima uivue karatasi ya pili kwa uvumilivu. Mimi nimebaki na tatu na sijasikia upungufu wowote.

Uti wa kati ndio unaoleta ugomvi vijiweni. Kebo nyingi za RG6, na hii yangu ikiwemo, zina uti wa chuma uliovishwa shaba. Fundi mmoja ninayemheshimu aliikwangua kwa kisu, akaona rangi ya fedha ndani, akatingisha kichwa: "Mzee, hii wamekuuzia chuma." Kweli ni chuma, tena sumaku inaidaka. Lakini mawimbi ya redio hayapiti katikati ya waya, hupita kwenye ngozi yake. Kwenye megahezi 1,000 ngozi hiyo ni kama sehemu 2 za elfu za milimita, na shaba iliyovishwa ni nene kuliko hapo mara nyingi. Ishara haijui kama chini kuna chuma. Inayojua ni ile volti ya 13 au 18 ambayo king'amuzi kinaipandisha juu kulisha kichwa cha dishi, kwa kuwa umeme wa moja kwa moja (DC) hutumia waya wote. Hapo chuma kina ukinzani mara 4 hadi 5 ya shaba tupu: karibu omu 9 kwa mita 100, dhidi ya omu 2 na kidogo.

Je, inaniumiza? Kwa mita kama 30 za kwangu na kichwa kimoja kisichokunywa umeme mwingi, volti inayopotea haifiki hata moja. Kama una dishi la kuzunguka lenye mota, au umbali wa mita 60 na kuendelea, hapo nunua ya shaba tupu na usibishane na mtu. Na kama kebo itaning'inia hewani kutoka nguzo hadi nyumba, chuma kinageuka kuwa faida, maana hakivutiki ovyo. Ila kwa masafa marefu tafuta ile yenye waya wa chuma wa kubebea uliounganishwa ubavuni, uzito ushikwe na huo badala ya kebo yenyewe.

RG59 ipo bado madukani na watu bado wanaitundika nje. Ni nyembamba na inapinda kwa urahisi, lakini inapoteza ishara zaidi. Kwa megahezi 1,000, RG6 hupoteza kama desibeli 21 kwa mita 100, RG59 kama 27, na RG11, ile nene ya milimita 10, kama 14. Kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu iliyokwenda. Sasa zingatia kwamba ishara inayoshuka kutoka kwenye dishi iko kati ya megahezi 950 na 2,150, na juu kule RG6 yenyewe inafika desibeli 32 hivi kwa mita 100. Kwa nyumba ya kawaida RG6 inatosha. RG11 waachie wenye mashamba. Na usichanganye kabisa na kebo ya omu 50 ya redio za mawasiliano. Kwa macho zinafanana, kazini haziongei lugha moja.

Ulazaji wake ukutani ndio uliofanya nisiipe nyota ya tano. Hii kebo ina kumbukumbu. Ukiivuta kutoka kando ya roli badala ya kulizungusha roli lenyewe, inatoka na misokoto, na kila msokoto ukiuvuta kwa nguvu unakuwa kidonda. Nilipitisha fimbo katikati ya roli, kijana mmoja akawa anazungusha, mimi navuta. Kona nazo zinataka heshima: isikunjwe kwa duara lenye nusu kipenyo chini ya mara 10 ya unene wake, yaani sentimita 7 hivi. Kona ya upenu ambayo mtu angeipiga kwa kidole gumba, mimi niliizungusha kwa upole kwenye kopo.

Klipu nazo zina siri ambayo watu hawaitarajii. Ukizigonga hadi kebo ikabonyea, kila kibonyeo kinarudisha ishara kidogo nyuma. Kimoja si kitu. Lakini ukivipanga kwa kipimo kilekile, kila nusu mita kwa mfano, marudio hayo yanajumlishana kwenye masafa ambayo nusu ya wimbi lake ndani ya kebo ni nusu mita. Kwa kuwa ishara hukimbia ndani ya povu kwa asilimia 82 hadi 85 ya kasi ya mwanga, hiyo inaangukia karibu megahezi 250, kisha kwenye vigawe vyake. Unapata shimo kwenye stesheni chache huku nyingine ziko shwari, ukaanza kulaumu dishi. Dawa ni mbili: klipu iishike kebo bila kuiminya, na nafasi kati ya klipu zisifanane. Mke wangu aliuona ukuta akauliza kama nilikuwa nimelewa nilipopima. Nilikuwa timamu. Zile kamba za plastiki za kufungia waya nazo ni hivyohivyo. Ukiikaza hadi ikalia, umeshaiumiza kebo.

Haya, konekta. Za bure zilizo kwenye boksi ni za kusokota: unazizungusha juu ya ganda kwa mkono hadi zishike. Zinashika kweli, siku hiyo. Hazina mpira wa kuzuia maji, hazibani wavu sawasawa, na jua likipanua na baridi ikibana, zinalegea. Nimezitupa kwenye kopo la misumari mikuukuu. Nilinunua za kubana kwa koleo maalumu, zenye pete ya mpira ndani, pamoja na kisu cha kumenyea chenye wembe mbili. Zana hizo mbili zilinigharimu zaidi ya nilivyopenda, na bado nasema bora upunguze mita za kebo kuliko kuziacha.

Kazi yenyewe ni fupi ila inataka macho. Kisu kinazungushwa mara chache, kinaacha kama milimita 6 za uti mtupu na milimita 6 nyingine za povu lenye karatasi yake. Wavu unakunjwa nyuma juu ya ganda, nyuzi zote, bila hata moja kubaki mbele. Karatasi iliyogandishwa kwenye povu inabaki palepale. Kisha konekta inasukumwa. Na kwa poliethilini hii ngumu inasukumwa kwelikweli, kiganja kinauma. Unachungulia ndani ya nati: povu jeupe linatakiwa liwe sambamba na sakafu ya ndani ya konekta, lisiwe limezama wala kutokeza. Uti utokeze milimita 2 au 3 kupita mdomo wa nati. Ndipo unabana koleo, inalia "tak", basi. Uzi mmoja wa wavu ukigusa uti, king'amuzi kitalalamika kuna shoti kwenye laini ya dishi, na afadhali kilalamike, kwa sababu baadhi huzima kimyakimya tu.

Unapoifunga kwenye kichwa cha dishi, mkono hautoshi nje. Spana ya 11, robo zamu baada ya vidole kukataa. Halafu tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ile isiyo na gundi: ivute hadi iwe karibu mara mbili ya urefu wake ndipo uizungushe, ukianzia chini kwenda juu ili kila mzunguko uufunike wa chini, maji yateleze badala ya kuingia. Juu yake nimeongeza tepu nyeusi ya kawaida ya umeme kwa ajili ya jua. Silikoni yenye harufu ya siki usiiguse. Tindikali yake hula shaba. Kama ni lazima silikoni, iwe ile isiyo na harufu hiyo.

Kabla kebo haijaingia ukutani, iache ishuke chini ya tundu na kupanda tena, ifanye kitanzi, maji yadondokee pale chini. Na tundu lenyewe litobolewe likielekea chini upande wa nje. Drili ikianzia ndani ni rahisi kulilaza hivyo. Mambo mawili haya hayana gharama yoyote, na bado ukipita mitaani unaona kebo zimenyooka kutoka kwenye paa hadi ndani ya dirisha kama mifereji ya kuvunia maji ya mvua.

Kwa wanaotaka kujua kama kebo yao imeingia maji au ni mawingu tu: mvua kubwa huifunga ishara ya dishi hata kebo ikiwa mpya, ila wingu likipita, picha inarudi muda huohuo. Kebo iliyolowa ina kinyongo. Jua linatoka, nguo zinakauka, na picha bado inakatika, hasa kwenye stesheni za masafa ya juu, labda mpaka kesho kutwa. Ukiona hivyo fungua konekta ya juu. Uti wenye kijani au wavu wenye unga umekwisha. Kata hadi ufike palipong'aa, au badilisha yote.

Ethi, yaani kuunganisha kebo na ardhi, imenipa kazi kuliko nilivyotarajia, na ni sehemu ambayo muuzaji hakuitaja hata kwa bahati mbaya. Pale kebo inapoingia nyumbani nimeweka kile kiunganishi cha chuma chenye skrubu ya waya wa ethi, nikaufikisha waya kwenye nondo ileile ya ethi ya nyumba. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60728-11 kinataka shaba isiyopungua milimita za mraba 4 kwa muunganisho wa namna hii, na mlingoti wa antena una waya wake mnene zaidi, milimita za mraba 16. Kuchomeka nondo mpya pembeni na kuiacha peke yake ni hatari, kwa sababu radi ikipiga jirani, ardhi ya hapa na ya pale hupata volti tofauti, na tofauti hiyo hutafuta njia kupitia televisheni yako. Muunganisho huu hauzuii radi inayopiga dishi moja kwa moja. Unasaidia kwa misukosuko ya karibu na kwa umeme tuli unaojikusanya kwenye antena upepo ukivuma mkavu. Kama hujui nondo ya nyumba iko wapi, mwite fundi umeme mwenye leseni kwa hatua hii moja, mengine fanya mwenyewe.

Tumalize na ile ya jeli. Kwa kuzikwa ardhini ni bora kwa mbali: ganda likikwaruzwa na jiwe au jino la panya, jeli iliyo kwenye wavu inaziba njia na maji hayasafiri. Lakini Mola wangu, uchafu wake. Ukiimenya, inanata vidoleni, kwenye koleo, kwenye suruali, na sabuni inacheka tu. Wavu lazima uufute kwa kitambaa kikavu kabla ya konekta kuingia. Usiipandishe ukutani wala kuipeleka ndani, kwani siku za joto jeli hushuka na kuchuruzika kwenye ncha ya chini. Nimeizika chini ya kina cha jembe, sentimita 30 na zaidi mbali na waya wa umeme wa chumba cha nje, ndani ya bomba pale inapopita njia ya gari, na kipande kizima kisicho na kiungo. Kiungo cha ardhini, hata ukikifunga tepu kilo nzima, ni cha kufukuliwa siku moja.

Nilipopima kwenye king'amuzi, ubora ulipanda na umekaa pale, katika mvua na katika jua. Vijana wa chumba cha nje hawajaja kugonga mlango kulalamika, ingawa walishakuja kuuliza kama naweza kuwapelekea na intaneti kwa mtaro huohuo. Ninunue tena? Nyeusi ya kawaida, ndiyo, roli ileile, nikihakikisha namba za ubavuni kabla ya kulipa. Ya jeli nanunua mita ninazozika tu na si zaidi. Na muuzaji akinipa konekta za kusokota, namwachia palepale kaunta.